Swali Namba Arobaini na Moja

Chumba cha uani,
Nyumba yenye geti la bluu,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Alhamisi, tarehe 14 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Kabla ya salamu nakuomba, kwa heshima ya marehemu baba yangu ambaye ni kaka yako, barua hii uisome peke yako, mlango ukiwa na komeo, na ukiimaliza uichome au uichane vipande visivyoungika tena. Asiione mwanao, asiione mkwe wako, na wajukuu ndio kabisa. Humu kuna maneno ambayo sijawahi kuyaandika tangu nijue kushika kalamu, na kuna kosa langu la kazini ambalo mpaka sasa wanalijua watu wawili tu. Jumatatu nitakwenda kulisema mwenyewe mbele ya daktari. Mpaka siku hiyo, tafadhali, hata neno moja lisitoke.

Shikamoo. Hujambo? Magoti yanaendeleaje? Mshono umekauka wote, au ile ncha ya chini bado inatoa maji? Wajukuu wanakwenda shule vizuri? Mimi mwili ni mzima, ila tangu juzi chakula hakishuki. Naona kinyaa. Unanijua, nimezaliwa nacho, lakini cha safari hii si kile ulichokizoea.

Barua yako niliipata Jumamosi. Siku ile niliisoma mara moja, nikafurahi, nikaiweka kwenye droo. Tangu Jumanne nimeisoma mara sita, na kila mara macho yanakwama pale ulipoandika: "Naendelea vizuri, ila choo changu siku hizi si cha kawaida na mwili una uchovu kidogo, nadhani ndiyo kupona kwenyewe."

Shangazi, choo hicho kina rangi gani?

Najua umeshaitupa barua kitandani. Iokote. Kama ni cheusi kama lami, kinanata, na harufu yake si ile uliyoizoea, basi usisome zaidi. Vaa viatu uende hospitali sasa hivi, uwaambie kwamba ulipasuliwa tumbo wiki tano zilizopita na huenda unavuja damu kwa ndani. Barua itakusubiri. Kama si cheusi, au kama hujawahi kuangalia kwa sababu unaona haya hata ukiwa peke yako, endelea kusoma, ili ujue kwa nini mtu uliyempa jina la Sabuni tangu ana miaka mitano anakuuliza jambo kama hili.

Ulipokuja kupasuliwa uliniona nimekaa kwenye dirisha la tatu la kliniki, napokea kadi na kuita majina. Hiyo ni nusu ya kazi yangu. Nusu ya pili sikukuambia, maana ilikuwa inanitapisha.

Ukutani, karibu na choo cha wagonjwa, kuna sanduku la bati lenye kufuli. Aliyelibuni ni Sista, muuguzi mkuu wa kliniki yetu. Alichoka kuona wagonjwa waliopasuliwa kama wewe, kupunguzwa tumbo ili unene ushuke, wanaingia kwa daktari na kusema "sijambo, daktari, nashukuru," halafu wakitoka wanamvuta yeye mkono kwenye korido na kumnong'oneza lililowaleta. Akatengeneza karatasi zenye namba juu na chini. Mgonjwa anaandika swali bila jina, anachana kipande cha chini chenye namba, anabaki nacho, karatasi anaitumbukiza sandukuni. Kila Alhamisi nafungua sanduku, nachapa maswali, daktari anayajibu, na kesho yake nabandika majibu ubaoni. Kila mtu anatafuta namba yake, anasoma, anaondoka kama vile alikuwa anatazama saa.

Maelezo ya ajira yangu yanasema "kunakili maswali". Kunakili tu, hakuna neno jingine.

Siku ya kwanza nilifungua sanduku kwa mikono mitupu. Siku ya pili nilivaa glavu. Nitakuandikia machache kama yalivyokuwa, maana nimechoka kuyafunika. "Nikijamba chumba kizima kinahama, mume wangu sasa analala kwa mtoto, hii itaisha lini?" "Ngozi ya tumbo imeshuka mpaka mapajani, chini yake kuna ute unaonuka kama maziwa yaliyochacha, nipake nini?" "Nimekaa siku tisa bila choo nikatumia kidole, je, nimejichana?" Mwingine aliandika kwamba anatafuna nyama kwa ajili ya utamu wake tu, kisha anaitema kwenye mfuko wa nailoni na kuuficha chini ya kitanda. Ana siku kumi anafanya hivyo, na mifuko nayo iko kumi. Akauliza kama hiyo ni dhambi au ni ugonjwa. Mama mmoja alitaka kujua ni lini anaruhusiwa kulala na mumewe, na kama mshono unaweza kufumuka yeye akiwa juu.

Nilikuwa nikimaliza kuchapa nanawa mpaka kwenye viwiko. Mchana siwezi kula kitu chenye mchuzi. Nikawa nawachukia, Shangazi, watu ambao sura zao sizijui. Mtu akija dirishani na kadi yake, namwangalia najiuliza, wewe ni mifuko kumi au wewe ni kidole?

Halafu kulikuwa na chumba cha chai. Mtunza stoo wetu ana sauti ya mtangazaji wa redio, nzito, ya kujivuna. Siku moja alininyang'anya karatasi kabla sijazifungia, akasimama kwenye kiti.

"Habari kamili," akasema. "Mkazi mmoja wa mjini amelalamika kwamba akijamba chumba kizima kinahama."

Mhasibu alipaliwa na chai ikamtoka puani. "Ya mifuko! Soma ile ya mifuko, ndugu mtangazaji!"

Akaisoma. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Nami nilicheka. Si sana, lakini nilicheka, na niliporudi dirishani nikamkuta mgonjwa amekaa kwenye benchi hatua tano kutoka mlango wa chumba cha chai. Mlango ulikuwa wazi. Sijui ni nani na sijui alisikia nini. Alinipa kadi yake bila kuniangalia.

Kuanzia hapo nikaanza kuyasafisha. Sikuwa na nia mbaya, naomba uniamini. Nilianza kwa kusahihisha herufi. Kisha "kujamba" nikaigeuza "gesi tumboni". "Ute unaonuka" ikawa "unyevu kwenye mikunjo ya ngozi". Yule mama aliyetaka kuwa juu nilimfuta nusu nzima ya sentensi. Karatasi zenyewe za wagonjwa nikawa nazichana kwenye mashine siku hiyohiyo, ili mtunza stoo asipate cha kusoma. Nilijiona nawatendea wema. Daktari mwenyewe alinisifu mbele ya wenzangu kwamba karani wake ana lugha ya adabu, siku hizi anajibu maswali kwa nusu saa badala ya saa nzima. Sifa zile zilinipendeza mno. Kweli, kilichonifurahisha zaidi ni kwamba ukishaandika "mabadiliko" hulazimiki kuona kitu chochote.

Alhamisi iliyopita nilitoa karatasi namba arobaini na moja. Naomba radhi kwa yatakayofuata, lakini nimeapa kukunukulia neno kwa neno:

"Daktari samahani. Tangu juzi nakunya kitu cheusi kama lami. Kinanata chooni, hata nikimwaga maji mara tatu hakitoki. Kinanuka kitu kilichooza siyo harufu yangu, mwenzangu kazini kauliza kama kuna panya kafa. Nikisimama naona giza. Ni kawaida au nakufa?"

Nilipofika kwenye panya niliweka karatasi chini nikaenda dirishani kuvuta hewa. Niliporudi, niliandika hivi: "Mgonjwa anaomba kufahamu kama mabadiliko katika haja kubwa, yakiambatana na uchovu, ni jambo la kawaida katika kipindi cha kupata nafuu."

Daktari akajibu kwa mkono wake: "Ndiyo, ni kawaida wiki za mwanzo. Anywe maji kidogo kidogo, apumzike, aendelee na vidonge vyake."

Nikabandika. Mashine ya kuchana karatasi ilikuwa imekwama siku hiyo, kwa hiyo karatasi yenyewe nikaitia ndani ya droo, glavu zikiwa juu yake.

Jumanne asubuhi walimleta fundi cherehani mmoja, mama wa makamo, aliyepasuliwa wiki moja baada yako. Alikuwa ameanguka juu ya mashine yake akishona sare za shule. Walimpitisha mbele ya dirisha langu kwenye kitanda cha magurudumu, na ile harufu ilipita naye. Shangazi, niliijua. Sikuwahi kuinusa kabla, lakini niliijua, kwa sababu nilikuwa nimeisoma. Nilipewa mkoba wake niandikishe vitu vilivyomo. Kulikuwa na mkasi, futi ya kupimia, vifungo ndani ya kopo la dawa, na kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne. Namba arobaini na moja.

Nilitapika. Kwenye ndoo ya mfagizi, mbele ya watu.

Ameongezewa damu chupa nne. Walimwingiza mpira wenye kamera kooni wakakuta kidonda pale walipounganisha tumbo na utumbo, kinavuja. Daktari alikiziba. Yu hai. Sista anasema angechelewa mpaka jioni tusingekuwa naye. Na chanzo, Shangazi, ni vidonge vya maumivu ya mgongo. Aliambiwa siku ya kutoka asivimeze kamwe, akaona haya kuuliza ameze nini badala yake, akaenda kununua mwenyewe duka la dawa.

Daktari alishika kichwa. Alisema mbele yetu, "Mimi ndiye niliyemwandikia ni kawaida. Mkono wangu huu." Nilisimama pale na ufunguo wa droo mfukoni.

Jioni nilimfuata Sista kwenye chumba chake nikampa karatasi zote mbili, ya fundi na ya kwangu. Alisoma ya kwanza, akasoma ya pili, akazilaza mezani sambamba, akavua miwani.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna, Sista. Niliona… lugha ilikuwa chafu."

"Chafu," akasema. "Mimi nimelala na kuamka na uchafu miaka ishirini na sita. Uchafu ndio unaoniambia nani anakufa na nani anajidekeza. Wewe umemvalisha suti mtu anayevuja damu, halafu ukamleta kwa daktari, daktari akaona mheshimiwa."

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza. Akasema, "Futa kamasi. Nakupa mpaka Jumatatu umwambie daktari kwa mdomo wako. Usipomwambia, namwambia mimi, na nitamwambia vibaya."

Jana mchana nilikwenda wodini. Fundi alikuwa ameegemea mito, uso una rangi ya majivu, dripu mkononi. Nilisimama mwisho wa kitanda kama mtu aliyekuja kukagua mita.

"Wewe ni wa dirishani," akasema.

"Ndiyo, mama. Mimi pia ndiye ninayechapa maswali."

"Kumbe. Nilisoma lile jibu mara mbili. Nikajiambia, mbona aliyeuliza hivi ni mtu mwingine, mtu mwenye cheo chake? Lakini namba ni yangu. Nikaona pengine lugha ya hospitali ndivyo ilivyo, na kama wamesema kawaida, basi kawaida."

Nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, yakanitoka mawili tu.

"Wateja wangu," akasema, "nikiwauliza kiuno ngapi, wananitajia kiuno cha walipokuwa wasichana. Sibishani nao. Natoa futi. Futi haina haya." Akafumba macho. "Sasa sisi pale tulikuweka uwe futi, mwanangu. Nawe ukaona haya kwa niaba yetu."

Nikamuuliza kama anahitaji chochote. Akasema anahitaji kwenda chooni na hataki kumsumbua muuguzi, lakini basi, nimwitie tu. Nikamwita.

Usiku wa Jumanne ndipo nilipokumbuka barua yako. "Choo changu siku hizi si cha kawaida na mwili una uchovu kidogo." Shangazi, sentensi hiyo ni yangu! Ungeiweka kwenye mashine yangu ya kuchapa nisingebadilisha hata nukta. Na nikajua umeipata wapi.

Umeipata chumbani kwangu. Siku ya tatu baada ya kutoka wodini, ulikunywa uji kwa haraka ukatapika ndani ya beseni langu la kufulia. Lilikuwa povu na nyuzi za ute. Nilikushikia lile beseni kwa vidole viwili na nikageuza uso nikasoma kalenda ukutani. Uliniona. Ukasema, "Pole, mwanangu, nakuchafulia." Kuanzia hapo ukawa unatoka mwenyewe alfajiri kwenda choo cha uani, na mshono mbichi vile, umejifunga shuka, unajisuuza kwa maji baridi ili mimi nisisikie chochote. Nilikuwa macho. Nilisikia ndoo. Sikutoka kukubebea. Kila asubuhi ulikuwa unaniambia hujambo, nami nikawa nakushukuru kimoyomoyo kwa kunidanganya.

Nimepiga simu, kama unavyojua. Jana mchana alipokea mkwe wako. "Mama hajambo, shemeji, amelala." Nikasema, mchana huu? "Ee, siku hizi analala lala, ni uzee huo. Lakini amepungua vizuri, utadhani msichana! Nimwambie nini?" Nikasema mwambie namsalimu. "Hayo tu? Simu yote hii ni ya salamu?" Jioni ukaja mwenyewe, simu iko mezani sebuleni inaongea kwa sauti kubwa, wajukuu wanagombania kiti. Nikauliza, na mambo mengine? Ukanijibu, "Mambo mengine mazuri, Sabuni. Sijambo kabisa." Ulikuwa unahema kati ya maneno. Kutoka kitandani mpaka sebuleni ni hatua ngapi, Shangazi? Kumi?

Jambo jingine linalonitoa jasho. Siku ulipofungasha kurudi, niliona kwenye mkoba wako ile pakiti ya vidonge vya magoti. Niliiona nikanyamaza, maana mtu hakagui mkoba wa shangazi yake. Kama unavimeza, acha leo. Si kesho. Vya namna hiyo ndivyo vilivyomtoboa fundi. Na usijifariji kwamba ni vidonge vya kuongeza damu vinavyogeuza choo kuwa cheusi. Ni kweli huwa vinakifanya kiwe cha giza, Sista ameniambia, lakini mgonjwa hapaswi kukisia, na choo kinachonata na kunuka mzoga hakina mjadala.

Uliniapisha nisimwambie mwanao kwamba ulipasuliwa. Naelewa. Niliona jinsi ulivyosimulia kile kiti kilichokuvunjikia kwenye kikao cha wazazi shuleni, mkwe wako akicheka kwenye kiganja, na ukasema heri wadhani umekonda kwa kumtunza Sabuni asiyejua kupika. Nimelitunza neno lako wiki tano. Sista anataka nimwambie mwanao leo hii. Nimemwomba siku moja. Ni moja tu, na naiona ndefu.

Yale maswali ya "rafiki yako mmoja" nimempelekea Sista kama ulivyoyaandika mwishoni mwa barua yako, na haya ndiyo majibu yake. Nywele za rafiki zitaendelea kutoka mpaka karibu miezi sita baada ya kupasuliwa, kisha zitaota, mradi ale mayai, samaki na maharage kabla ya wali. Kujamba kutapungua akiacha maziwa kwa muda na kutafuna taratibu. Ngozi inayoning'inia aioshe, aikaushe kabisa kwa taulo, aweke kitambaa safi cha pamba katikati ya mikunjo, na ikichubuka aende akaonyeshe. Akinywa soda moyo ukaenda mbio, akatoka jasho na kukimbilia chooni, hajarogwa, ni sukari, asinywe. Na hapana, hakuna anayekufa kwa haya. Sista alicheka aliposoma, lakini hakucheka kama mtunza stoo. Alisema, "Rafiki huyu nampenda. Mwambie aje aulize mengine."

Usidhani nimepona kinyaa. Nikiandika neno lami mate yananijaa mdomoni hata sasa. Ila nimeona kinyaa kingine kinachozidi hicho, nikijitazama kwenye kioo cha choo cha wafanyakazi, mikono safi mpaka viwikoni.

Nisalimie mwanao na mkwe wako, ambaye huenda nikamkosea kesho. Nisalimie wajukuu wote, hasa yule Kibonge anayekumalizia chakula chako, mwambie kazi yake ni muhimu na asiiache. Nisalimie na jirani yako mwenye mashine ya kusaga. Mwenyezi Mungu akulinde unapolala na unapoamka, azibe palipotoboka, na akupe ujasiri wa kutazama.

Wako akupendaye, na ambaye mara hii hageuzi uso,

Sabuni.

Tena: Barua hii inaletwa na dereva wa basi la saa kumi na mbili asubuhi, mwenye kofia nyekundu. Nimemwambia akupe mkononi wewe tu na si mwingine. Atafika kwenu saa tisa alasiri, kesho Ijumaa. Ukishasoma, usitumie simu ya sebuleni. Nenda duka la dawa lililo mkabala na shule, mwombe muuzaji simu yake. Namba ya kliniki nimeiandika nyuma ya bahasha kwa tarakimu kubwa ili usihitaji miwani. Nitakuwa nimekaa kando ya simu tangu saa tisa mpaka saa kumi na mbili jioni. Akipokea mtu mwenye sauti ya mtangazaji wa redio usimweleze lolote, sema tu unamtaka karani wa dirisha la tatu. Ikifika saa kumi na mbili hujapiga, nampigia mwanao, namweleza kila kitu, na Jumamosi napanda basi la kwanza kuja. Ukitaka usiseme nami tena maisha yako yote, nitaelewa, mradi uwe nayo hayo maisha. Nikipokea simu nitakuamkia kwa mazoea. Usiitikie. Usiniambie hujambo. Anza na rangi.